Dola Tano

Nilipokuwa darasa la sita, kazi yangu ya Jumapili jioni ilikuwa kupiga mistari. Baba alikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana katika kitongoji chetu, na kwa kuwa alidai mwandiko wake hausomeki, daftari nililishika mimi. Lilikuwa kaunta buku ya kwaya tatu, majina upande wa kushoto, miezi kumi na miwili ikielekea kulia. Aliyelipa shilingi mia tano za mwezi nilimwekea vema. Asiyelipa nilimwekea kosa. Makosa matatu mfululizo, katiba ya chama ilisema, mwanachama amejitoa mwenyewe. Hapo nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake, kisha nikapuliza wino ukauke.

Niliipenda mistari ile. Ilikuwa imenyooka.

Sasa nina miaka 26 na ninasoma shahada ya uzamili mjini Regina, katika jimbo la Saskatchewan, magharibi ya Kanada. Tasnifu yangu inahusu serikali za mitaa za vijijini. Kwa majira mawili ya baridi nimekuwa nikisoma mihtasari ya vikao vya madiwani waliokwisha kufa: nani alipewa kazi ya kumwaga changarawe, nani alilipwa senti ngapi kwa mikia ya panya wa shambani aliowaua, nani anadaiwa kodi ya ardhi. Humo ndani nimelikuta daftari letu. Silo lenyewe, ila nduguye wa damu: majina kushoto, pesa kulia, na hapa na pale jina lililokatwa.

Swali ambalo madaftari haya mawili yameniachia ni hili: jirani ni nani? Ni yule anayeishi karibu nawe, au ni yule aliyelipa?

*

Ukitoka Regina kwa gari, baada ya dakika kumi mji umekwisha na mbele yako kuna anga tupu na ngano. Barabara za changarawe zimenyooka kama mistari ya kaunta buku. Zinazokwenda kaskazini na kusini zimeachana maili moja moja. Zinazokwenda mashariki na magharibi, maili mbili mbili. Kuanzia miaka ya 1870 serikali ya Kanada ilituma wapimaji waikate nyanda hii yote katika miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya maili moja ya mraba, na kila kipande kikawa na robo nne za ekari 160. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1872, mlowezi alilipa ada ya dola 10, akapewa robo moja, na akiishi hapo miaka mitatu na kulima, robo ikawa yake. Kipande namba 11 na namba 29 vilitengwa ili kugharamia shule. Namba 8 na sehemu kubwa ya namba 26 vilikuwa vya Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya iliyokuwa ikidai eneo hili tangu mwaka 1670, na ambayo mwaka 1870 iliikabidhi Kanada madai yake ikalipwa pauni 300,000. Yaani shule ilikuwa na namba kabla haijawa na mwanafunzi.

Saskatchewan ikawa jimbo mwaka 1905. Watu walimiminika kutoka Ukraine, Norway, Ujerumani, Uingereza na Marekani. Hawakuwa wakijuana, na wengi hawakuwa wakisikilizana lugha. Kila mmoja alikaa katikati ya ekari zake 160, akiona moshi wa jirani kwa mbali. Hapakuwa na barabara, daraja wala daktari. Kwanza walilipa kodi kwa mikono: mlowezi alidaiwa siku kadhaa za kazi barabarani, yeye na farasi wake. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walimpa jembe na ramani ya mahali pa kuchimba.

Kisha, kuanzia karibu mwaka 1909, jimbo likaanzisha manispaa za vijijini. Jina hilo linagongana katika sikio la Mtanzania, maana kwetu manispaa ni ya mji. Huku ni mashamba. Ile ya kawaida ni miraba tisa iliyounganishwa, maili 18 kwa 18, yenye kata sita, kila kata diwani mmoja, na mwenyekiti wa baraza anayechaguliwa na wapiga kura wote. Hadi leo ziko 296, na nyingine zina watu wachache kuliko shule niliyosoma. Mwaka 2000 jopo lililoundwa na serikali lilipopendekeza zichanganywe ziwe chache, upinzani wa vijijini ulikuwa mkali mno hata serikali ikarudi nyuma.

Nimehudhuria vikao vyao. Chumba kidogo, birika la kahawa, ramani ukutani yenye jina la mwenye shamba katika kila robo. Wanajadili greda, kalavati na magugu. Mara ya kwanza nilichoka mapema. Mara ya tatu nilielewa ninachokitazama. Watu hawa hawana ukoo mmoja, hawana dini moja, na babu zao hawakuwa na lugha moja. Kilichowafanya wawe watu wa mahali pamoja ni kwamba waligharamia kalavati moja. Undugu ni kufaana, si kufanana. Niliukariri msemo huu shuleni nikijibu maswali ya fasihi simulizi. Niliuona umevaa koti na viatu katika chumba kile.

*

Hadithi inayonifanya niwaheshimu zaidi ni ya daktari.

Mwaka 1915, katika manispaa ya vijijini ya Sarnia, daktari pekee alikuwa anataka kuondoka. Wagonjwa walikuwapo, pesa hazikuwapo. Mavuno yakiwa mabaya hakuna aliyelipa, na daktari hawezi kuishi kwa shukrani. Baraza likaamua kumpa dola 1,500 kwa mwaka kutoka mfuko wa kodi ili abaki. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaipa hatua hiyo nguvu ya sheria, na manispaa nyingine zikaiga.

Mwaka 1939, Matt Anderson, mhamiaji kutoka Norway aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la manispaa ya McKillop, alikwenda hatua moja mbele. Alitaka watu walipe kabla ya kuugua, kupitia manispaa, halafu mgonjwa atibiwe bila kuulizwa ana nini mfukoni. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuruhusu mpango huo, na watu wakaizoea kwa jina lake. Mchango ulikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia, hata iwe kubwa namna gani, haikuzidisha dola 50.

Dola tano. Hawa walikuwa wakulima waliotoka katika muongo mmoja wa ukame na vumbi, ngano haina bei, wengine wakiishi kwa mbegu na chakula cha msaada. Wakakubaliana kwamba mguu ukivunjika katika kata ya pili, kata ya tano italipa.

Mwaka 1946 manispaa za eneo la Swift Current ziliungana na kuendesha mpango kama huo kwa eneo zima. Mwaka 1962, chini ya chama cha Tommy Douglas, jimbo lote likapata bima ya matibabu kwa wote, ingawa madaktari waligoma kwa siku 23. Mwaka 1966 Kanada nzima ikatunga sheria ya kufuata njia hiyo. Wakanada wanaona bima yao kama sehemu ya utu wao, na wengi hawajui kwamba mizizi yake iko katika vyumba vilivyokuwa vikijadili kalavati.

Mimi nina sababu yangu ya kuikumbuka. Januari yangu ya kwanza huku niliteleza kwenye barafu nje ya duka la vyakula, nikavunjika mkono karibu na kiganja. Hospitali waliniomba kadi ya afya, ambayo jimbo hili huwapa hata wanafunzi wa kigeni. Nikapigwa picha, nikafungwa hogo, nikarudi chumbani. Sikutoa hata senti. Nilikaa kitandani nikisubiri furaha, badala yake nikaona aibu ambayo sikuielewa upesi. Nilikuwa nimeishi jimboni miezi minne. Sikuwa nimelipa kodi ya ardhi ya mtu yeyote. Kama daftari lile lingekuwa langu, penye jina langu pangekuwa na makosa mfululizo, na kwa rula yangu mwenyewe ningejikata.

*

Lakini tusiwafanye malaika. Manispaa hizi zilijengwa juu ya kodi ya ardhi, na anayelipa kodi ya ardhi ana sauti. Hadi leo, katika manispaa ya vijijini ya Saskatchewan, raia anaweza kupiga kura kwa sababu anaishi hapo, au kwa sababu anamiliki ardhi hapo hata kama anaishi mjini. Mwenye mashamba katika manispaa tatu anaweza kuwa na sauti katika zote tatu. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000; mwaka 2021 yalikuwa takriban 34,000. Mashamba yanakuwa makubwa, wenye mashamba wanakuwa wachache. Anayeishi pale, anayeendesha trekta la mtu mwingine na kupeleka watoto shule ya pale, lakini bado hajapata uraia, hapigi kura.

Nilipomweleza hayo mwanafunzi mwenzangu aliyezaliwa shambani, alinishangaa. "Sasa ulitaka nani aamue juu ya barabara, kama si anayeilipia?" Nikamwambia kwetu mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, awe na shamba au asiwe nalo. Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Nilijisikia hivyo kwa muda mfupi, maana usiku ule nilikumbuka kaunta buku.

Ukweli ni kwamba hoja ya mwenzangu ni nzito. Barabara haijengwi na huruma. Daktari wa Sarnia hakubakizwa na maneno mazuri. Alibakizwa na dola 1,500 zilizotoka kwa watu ambao majina yao yaliandikwa na waliodaiwa hadi wakalipa. Wema usiokuwa na daftari huishia kwa watu unaowapenda. Daftari ndilo linalomlazimisha mtu amtibu jirani asiyemjua, hata asiyempenda.

Ningeweza kuishia hapo, nikaandika sura ya tasnifu juu ya ushirikiano wa nyanda za Kanada, nikapata alama nzuri. Kilichonizuia ni kijiji kimoja kilichoko upande wa pili wa mpaka wa jimbo, Manitoba, chini ya kilomita 300 kutoka McKillop. Kiliitwa Ste. Madeleine.

*

Watu wa Ste. Madeleine walikuwa Métis, kizazi kilichotokana na wanawake wa mataifa ya asili na wanaume wa Ulaya waliofanya biashara ya manyoya. Ni taifa lenye lugha yake na muziki wake. Mwaka 1885 wengi wao walipigania ardhi yao dhidi ya majeshi ya Kanada huko Batoche, wakashindwa. Kiongozi wao, Louis Riel, alinyongwa hapa Regina Novemba mwaka huo. Baada ya hapo familia nyingi zilibaki bila mahali. Kumbuka ile miraba: kati ya kipande na kipande wapimaji walikuwa wameacha ukanda wa futi 66 kwa ajili ya barabara ambayo bado haijajengwa. Familia za Métis zilijenga vibanda ndani ya kanda hizo. Wakaitwa watu wa ukanda wa barabara. Waling'oa mawe na kukata kuni katika mashamba ya walowezi kwa ujira. Kwa kuwa hawakuwa na ardhi hawakulipa kodi ya ardhi, na kwa kuwa hawakulipa, mahali pengi watoto wao walikataliwa shuleni, maana shule iliendeshwa kwa kodi hiyo.

Ste. Madeleine ilikuwa afadhali kidogo. Huko familia zilikuwa na vipande vyao, ardhi ya mchanga ambayo walowezi hawakuitamani. Palikuwa na watu wapatao 250, kanisa na shule. Kisha ukaja ukame ule ule wa miaka ya 1930. Mwaka 1935 serikali ya Kanada ilitunga sheria ya kuokoa mashamba yaliyokuwa yakipeperushwa na upepo, na njia mojawapo ilikuwa kugeuza ardhi dhaifu kuwa malisho ya pamoja ya mifugo. Ste. Madeleine ikachaguliwa. Wakazi waliambiwa kwamba aliyelipa kodi yake yote atapewa fidia au ardhi mahali pengine. Mwenye malimbikizo hana lake.

Wengi walikuwa na malimbikizo. Ujira wao ulitegemea mavuno ya walowezi, na mavuno hayakuwapo. Mwishoni mwa muongo ule nyumba zikachomwa moto na mbwa wao wakapigwa risasi. Makaburi yalibaki, na yapo hadi leo katikati ya malisho, na wajukuu huenda kuwazuru wazee wao.

Nikaweka tarehe hizi mbili kwenye ukurasa mmoja. Katika miaka hiyo hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1930, katika nyanda ile ile na ukame ule ule, McKillop walikubaliana kwa dola 5 kumtibu kila jirani, na Ste. Madeleine ikachomwa kwa sababu majina yake hayakuwa na vema. Chombo ni kimoja. Daftari la walipa kodi lililomfanya mgeni wa Norway kuwa jirani, ndilo lililomfanya mwenyeji wa miaka yote kuwa mvamizi.

*

Kuna dola tano nyingine.

Tarehe 15 Septemba 1874, katika bonde la Qu'Appelle, viongozi wa Cree na Saulteaux walitia alama kwenye Mkataba wa Nne na wawakilishi wa Malkia wa Uingereza. McKillop iko ndani ya eneo la mkataba huo, na Regina ninakoandikia pia. Waliahidiwa, pamoja na mengine, dola 5 kwa kila mtu kwa kila mwaka, na ardhi ya maili moja ya mraba kwa kila familia ya watu watano. Wazee wao wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba walikubali kuitumia ardhi pamoja na wageni, kwa kina cha plau tu. Serikali iliandika kwamba wameiachia yote. Miaka miwili baadaye, sheria mpya ikawazuia watu hao hao wasipate zile robo za ekari 160 ambazo mgeni alizipata kwa dola 10.

Dola zile 5 bado zinalipwa kila mwaka. Ni dola 5 zile zile. Hazijapandishwa, na leo hazitoshi chakula cha mchana.

Basi nani anadaiwa? Ukifungua daftari la manispaa lolote la mwaka 1912, ukurasa wa kwanza una jina la mlowezi na kodi anayodaiwa. Lakini kabla ya ukurasa huo kulikuwa na deni jingine, lililotiwa alama mbele ya mashahidi, na hilo halikuingizwa. Daftari halikusema uongo hata mstari mmoja. Lilianza tu kuhesabu kwa kuchelewa.

Mwaka 1992, serikali ya Kanada na ya Saskatchewan zilikubali kwamba mataifa zaidi ya 20 ya asili hayakuwahi kupewa ardhi yote waliyoahidiwa, zikatia saini makubaliano ya kuyapa fedha ili yanunue ardhi kwa wauzaji walio tayari. Makubaliano hayo yalitenga pia fedha za kuzifidia manispaa za vijijini, kwa sababu ardhi ikirudi kwa mataifa hayo manispaa hazitaipata tena kodi yake. Sisemi manispaa zilikosea kudai. Greda linahitaji mafuta. Ninaona tu jinsi daftari lilivyo na masikio makali kwa hasara yake yenyewe. Kodi itakayokosekana kesho ilipata mstari wake katika makubaliano. Ardhi iliyokosekana tangu mwaka 1874 ilisubiri zaidi ya miaka mia moja.

*

Niliposoma habari za Ste. Madeleine nilifunga kompyuta. Sikulia. Nilimkumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye kona ya njia ya kwenda shuleni kwetu.

Alikuwa mwanachama namba 31. Mwaka ule nilimwekea kosa la Mei, kosa la Juni na kosa la Julai, na Jumapili ya kwanza ya Agosti nikampigia mstari. Siku kumi baadaye mume wake akafariki. Chama kilikuwa na turubai, mabenchi, masufuria makubwa na pesa za sanda na jeneza. Havikwenda. Wanaume wachache, na baba mmojawapo, walikwenda kuchimba kaburi kama watu binafsi, na wanawake walifika mmoja mmoja na khanga zao. Mvua ilinyesha. Walikaa chini ya mwembe usiozuia mvua, na turubai lilikuwa limekunjwa sebuleni kwetu, nyuma ya kochi nililokuwa nikilalia mchana.

Tulipotoka msibani nilisikia watu wakisema mume wake alikuwa amelazwa tangu Mei. Makosa yangu matatu ilikuwa ndiyo miezi mitatu ya ugonjwa. Kila nilipoandika kosa, hakukuwa na kosa.

Mwezi uliopita nilimpigia baba. Kwangu ilikuwa saa nne usiku, kwake saa moja asubuhi, anakunywa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imepungua?"

Nikamwambia kidogo. Nikamweleza habari za McKillop, na za Ste. Madeleine, na mwisho nikamuuliza juu ya mama wa vitumbua. Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekatika.

"Tusingekuwa na daftari, tusingekuwa na turubai," akasema. "Ukimsamehe mmoja, mwezi unaofuata wanakuja kumi. Chama kinakufa. Halafu hakuna atakayezikwa vizuri, hata aliyelipa."

"Ninaelewa, baba. Lakini tulikuwa tunajua anakoishi."

"Tulikuwa tunajua."

"Hakuna aliyekwenda kumuuliza?"

"Hakuna." Nikasikia akiweka kikombe mezani. "Hata mimi sikwenda. Mwandiko wangu unasomeka, wewe unajua. Nilikuwa sipendi kuipiga mistari ile mimi mwenyewe."

*

Baba ana haki kuhusu turubai. Nimesoma mihtasari ya kutosha kujua kwamba chama kinachosamehe kila mtu hakimzishi mtu yeyote, na manispaa isiyodai kodi haina daraja. Ninawapenda wale madiwani wa McKillop kwa sababu walikuwa wagumu. Walidai dola 5 kwa kila kichwa, na kwa ugumu huo watoto walipona.

Ila nadhani sote, baba, mimi, na waliochora mstari juu ya Ste. Madeleine, tulichanganya mambo mawili. Tuliona malipo kuwa ndiyo yanayomfanya mtu awe jirani, kama nauli inavyomfanya mtu awe abiria. Asiye na nauli ashuke. Lakini wakulima wa Sarnia hawakuanza kuwa majirani siku walipomlipa daktari. Walimlipa kwa sababu walikuwa majirani tayari: mtoto wa mtu alikuwa anaungua homa, na moshi wa nyumba yake ulikuwa ukionekana. Deni lilikuwapo kwanza. Kodi ilikuja kuwa namna ya kulilipa, ili mzigo usimwangukie mmoja.

Ukilipanga hivyo, kisanduku kitupu kinabadilika maana. Kinakuwa habari kwamba katika nyumba fulani kuna jambo, na habari hiyo inamdai anayelishika daftari kabla haijamdai aliyeandikwa humo. Pengine atamkuta mwenye nyumba ni mkaidi tu, ana pesa na hataki. Basi na adaiwe. Pengine atakuta mgonjwa kitandani, au shamba lililokaushwa na jua, au mtu ambaye ukoo wake ulitia alama kwenye mkataba kabla mdai hajazaliwa. Rula haiwezi kutofautisha hawa watatu. Inabidi mtu avae viatu aende.

Wengi wetu tunaosoma mambo haya kesho tutakuwa tunashika madaftari: ya bima, ya mikopo ya wanafunzi, ya vikundi vya kuweka na kukopa, ya wapiga kura, ya wapangaji. Mengi hayatakuwa ya karatasi. Yatapiga mistari yenyewe usiku, bila mtoto wa darasa la sita kupuliza wino, na hakuna atakayejua kwamba siku ile kulikuwa na mvua. Sijui kama tutaweza kuziweka katika mashine zile safari za miguu ambazo hata baba, aliyekuwa anaishi nyumba nne kutoka kwa yule mama, hakuzifanya. Ninajua tu kwamba mimi niliyetibiwa mkono bila vema hata moja sina ruhusa ya kusema haiwezekani.

Kabla hatujaagana nilimuuliza baba kama kaunta buku lile bado lipo. Akasema lilishaliwa na mchwa. Nikamuuliza kuhusu mama wa vitumbua.

"Yupo. Bado anauza pale pale kwenye kona."

"Alirudi kwenye chama?"

"Hakurudi. Lakini kila msiba anakuja. Hajakosa hata mmoja."